Koti la Kijivu Nililolitoa Sadaka

Jumanne, tarehe nane Februari mwaka 2005, kabla ya adhuhuri, nilitoa sadaka koti la marehemu mzee niliyekuwa nikimtunza. Ndani ya koti hilo mlikuwa na karatasi aliyomwandikia dada yake. Karatasi ile haikusomwa kamwe. Nalisema hili mwanzo ili ijulikane kwamba kosa lilikuwa langu, si la mtu mwingine. Sasa nieleze ilivyokuwa.

Mzee mwenyewe alikuwa Mwairishi. Ujanani aliwaongoza watu wa mkoa wake katika wale waliotaka Ayalandi yote iwe mikononi mwa Waairishi, na tena alikuwa mshairi. Nilipomjua mimi alikuwa amekaribia miaka themanini, mwembamba, mikono inatetemeka, anaishi peke yake katika fleti ya kaunsili, yaani ya halmashauri ya mji, ghorofa ya tatu, kule juu ambako Edgware Road imeshabadilika jina na mikahawa ya Waarabu imekwisha, zimeanza baa za Waairishi. Mimi nilikuwa nikikaa Ilford na Wapemba wenzangu wawili. Kila asubuhi napanda treni hadi Liverpool Street, nashuka chini kwenye treni nyingine, kisha basi namba 16. Saa moja na nusu asubuhi, kwa kuhesabu kwa Kiswahili, niko mlangoni.

Siku ya kwanza alinitazama kutoka kwenye kiti chake kama mtu anayepima ng'ombe.

"Umetoka wapi wewe?"

"Zanzibar. Lakini hasa ni Pemba, kisiwa kidogo."

"Aliwatawala nani huko?"

"Sultani, na juu ya Sultani Mwingereza."

"Akaondoka?"

"Akaondoka."

"Sasa kama ameondoka mbona umemfuata kwao?"

Sikuzoea kumjibu mtu mzima ovyo, lakini ajensi iliyoniajiri kutunza wazee ilishanidokeza habari zake, na neno lilinitoka. "Na wewe mzee, si ulipigana naye? Mbona uko kwake?"

Alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, nikamshika mgongo. Alipopumua akasema, "Vua koti lako, mtu wa kisiwani. Kazi umepata." Kazi nilikuwa nimeshapewa na ajensi, lakini sikumwambia.

Nilimfundisha neno mzee na likampendeza. Alisema kwao mtu akizeeka huitwa majina mengi, hakuna hata moja lenye heshima. Mimi aliendelea kuniita mtu wa kisiwani, kwa sababu yeye pia, alisema, alizaliwa mahali ambapo ukitembea sana unafika majini.

Maisha yake niliyapata vipande vipande, kwa muda wa miaka miwili na miezi kadhaa. Baba yake alikuwa na ng'ombe wanane na shamba la mawe. Yeye akasoma, akawa mwalimu wa shule ya kijijini, akaanza kutunga mashairi kwa Kiairishi, lugha ya mama yake. Mashairi yakapendwa. Watu wakayaimba kwenye mikutano, na kwa sababu yanaimbwa kwenye mikutano naye akaitwa kwenye mikutano, na kwa sababu anaitwa akafanywa kiongozi. Alisema hivyo yeye, kwamba aliingia kwenye siasa kwa mlango wa nyuma. Alifungwa mara mbili. Baadaye aligombana na wenzake juu ya jambo ambalo hakunieleza, akavuka bahari, akaja London kuchimba barabara pamoja na Waairishi wengine, na akabaki.

Kama aliwahi kuua mtu sijui. Sikumuuliza. Kuna asubuhi nyingine nilitaka kumuuliza, nikaona ninachoshika mkononi ni mguu wa mtu mzee unaohitaji kukatwa kucha, nikaendelea na kucha.

Mara moja kwa mwaka walikuja wazee watatu wenye kofia, wanakaa kwenye ukingo wa makochi kama wako msikitini, wanamwita jina la cheo chake cha zamani. Wakiondoka ananiambia, "Wanakuja kutazama kama sanamu bado haijaanguka."

Jambo aliloniambia mara nyingi zaidi lilikuwa la gerezani. Karatasi walinyimwa. Hata alizokuwa nazo kabla ya kukamatwa zilichomwa. Basi alikuwa akitunga kichwani, na kila mfungwa anayekaribia kufunguliwa anamfundisha shairi moja, neno kwa neno, mpaka ashike. Mtu anatoka na shairi lake moja, anafika nje analisema, linaandikwa. Mwizi wa kuku alitoka na shairi. Mwendawazimu mmoja alitoka na shairi, naye ndiye ambaye hakukosea hata neno.

"Karatasi adui wake ni kiberiti," alisema. "Kichwa cha mwizi wa kuku hakina adui."

Mimi nikamweleza kwamba kwetu ni hivyo hivyo. Shule nilifika kidato cha pili tu, lakini kabla ya hapo nilisoma chuoni, chuo cha Kurani, kwa maalimu, na huko tulihifadhi sura ndefu za Kiarabu hatujui neno hata moja maana yake nini. Tunayumba mbele na nyuma, maalimu anasoma, sisi tunapokea, na ukikosea unarudishwa mwanzo. Maulidi yote nayajua kwa moyo, naweza kuyasoma nikiwa nimelala. Nikiulizwa maana, hapo nakwama.

Alinigeukia. Kisha akauliza, "Bila kujua maana?"

"Bila kujua maana."

"Na hukosei?"

"Nikianza mwanzo sikosei. Nikianzishwa katikati napotea."

Kesho yake, nilipokuwa namwogesha, alianza kusema maneno ya Kiairishi polepole na akasubiri. Nilielewa kwamba anataka niyapokee. Ilikuwa kama chuoni, isipokuwa mwanafunzi ndiye ameshika sponji na mwalimu amekaa kwenye kiti cha plastiki. Tulianza na maneno manne. Mwezi ulipokwisha tulikuwa tumefika mbali.

Niseme kweli, nilikuwa na wasiwasi wa dini. Yeye alikuwa Mkatoliki, ana msalaba ukutani. Nilihofia nisije nikawa nasoma sala ya watu bila kujua. Nikamuuliza.

"Mzee, haya maneno ni sala?"

"Sala! Mimi kanisani sijakanyaga tangu hujazaliwa."

"Kuna Mungu ndani yake?"

"Kuna ukuta, kuna ng'ombe, kuna udongo. Mungu kama anataka kuingia ataingia mwenyewe. Osha kichwa."

Nikaridhika. Nilidhani ni wimbo wa watoto wa kwao, kitu cha kumkumbusha nyumbani, na kwamba ananisomesha ili asikie lugha yake kwa kinywa kingine. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiisema mle ndani. Basi kila asubuhi ikawa hivyo. Naanza na kichwa kwa ubeti wa kwanza, nashuka shingoni, upande wa kulia, kama tulivyofundishwa kuanza na kulia, kisha kushoto. Kuna mahali nikifika, alikuwa ananisimamisha, anaweka kiganja juu ya bega lake la kushoto, ananyamaza. Nilidhani bega lile linamuuma. Nikawa nalimiminia maji ya moto zaidi kidogo kuliko mengine.

Mwanzoni mwa Februari kifua kilimbana. Gari la wagonjwa lilimchukua Alhamisi, akafariki Jumamosi alfajiri. Mimi nilikuwa nimemtembelea Ijumaa baada ya sala. Hakuwa akisema tena. Nilishika mkono wake, ukawa hautetemeki, na hapo nikajua.

Jamaa zake walikuwa dada mmoja kule Ayalandi, umri wake unamkaribia, na binti wa dada huyo, mwalimu aliyestaafu. Dada yake hakusema naye kwa zaidi ya miaka arobaini. Binti ndiye alikuwa akimwandikia mjomba wake barua wakati wa Krismasi, kwa siri ya mama yake. Jumapili alinipigia simu. Alilia kidogo, akanishukuru, akasema atafika Jumatano, na kwamba kaunsili inataka funguo upesi. "Vitabu na makaratasi usiviguse," alisema. "Nguo fanya utakavyoona inafaa."

Mimi niliona inafaa kufanya kama kwetu. Siku ya tatu, siku ya kuvunja tanga, nguo za maiti zinatoka, zinapewa wenye haja, thawabu zinamfuata mwenyewe. Na huwa mwosha maiti ndiye anayepewa nguo ya kwanza. Mimi maiti yake sikuiosha, waliiosha wa hospitali, lakini nilimwosha akiwa hai zaidi ya miaka miwili. Kwa kazi yangu haturuhusiwi kuchukua kitu cha mteja hata kijiko, na sikuchukua. Nguo nyingi nilizipeleka msikitini. Koti lilibaki.

Lilikuwa koti zito la sufu, la kijivu, refu mpaka chini ya magoti, la zamani mno, bitana yake ilishabadilishwa. Hakuwa akilivaa, lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Sikupekua mifuko yake. Kwetu mifuko ya maiti haipekuliwi ila na warithi, ni utovu wa adabu. Hapo ndipo penye kosa langu: nilishika nusu ya ada nikaacha nusu. Kama mifuko ni ya warithi, koti ningeliacha lisubiri warithi.

Jengo lile lilikuwa na mtu anayesafisha ngazi, Mkongo wa Bukavu, baba wa watoto watatu, anaishi Thornton Heath. Tulikuwa tukisalimiana kwa Kiswahili, yeye chake na mimi changu. Alikuwa akinicheka, "Weye Kiswahili yako ni ya kitabu, ndugu. Mutu akikusikia anafikiri uko unasoma habari." Asubuhi ile ilikuwa baridi, naye alikuwa anapiga deki amevaa jaketi jembamba la mvua. Nikamteremshia koti.

"Ni la yule mzee. Sadaka. Livae umwombee."

Aliligusa kwa vidole viwili. "Koti ya mufu?"

"Ya mtu mwema."

"Mufu mwema ni mufu." Lakini alilipima mgongoni, likamkaa kama alikatiwa yeye. Akalikunja, akaliweka ndani ya mfuko mweusi, akaniambia Mungu anibariki.

Jumatano binti alifika. Mwanamke mrefu, nywele nyeupe fupi, mfuko mmoja. Hakuketi. Alisimama mlangoni akatazama nyuma ya mlango, kisha akanitazama mimi.

"Koti liko wapi?"

Nikamwambia.

Alifungua mkoba akatoa barua ya Krismasi iliyopita. Mwandiko ulikuwa wa mtu anayetetemeka. Alinisomea kwa Kiingereza: mjomba wake alikuwa amemwambia kwamba shairi lake la mwisho amemtungia dada yake, limo ndani ya koti, limeshonewa kwenye bitana upande wa moyo, na kwamba akifa lisomwe kwa dada yake, lisichapwe kwanza wala asionyeshwe mtu mwingine.

"Mama yangu ana miaka themanini na mmoja," alisema. "Moyo wake ni mbovu. Nimemwambia jana usiku kwamba kaka yake amemwachia neno. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona anataka kusikia jina lake. Anasubiri."

Nilitaka sakafu inimeze. Nilisema nitalileta. Mkongo hakuwa na zamu siku hiyo na simu yake haikupokelewa, basi Alhamisi asubuhi nikaenda mwenyewe hadi kwake Thornton Heath. Katika treni nilisoma kila dua niliyoijua. Sikumwomba Mungu mengi, nilimwomba koti liwe bado ndani ya mfuko mweusi.

Alifungua mlango mwenyewe, amefurahi. "Ndugu! Ingia, ingia. Mama watoto, leta chai, ni yule wa habari."

"Koti liko wapi?"

"Iko salama. Nilishaifula." Akanionyesha kwa fahari. Koti lilikuwa limetundikwa juu ya beseni la kuogea, linadondosha maji. "Kwetu nguo ya mufu haivaliwi mbele haijapita maji. Niliitia mu mashini mara mbili. Sasa mufu amekwenda."

Nilipapasa bitana upande wa moyo. Palikuwa na uvimbe mdogo, laini. Mke wake akaleta mkasi, tukafumua ushonaji. Kilichotoka kilikuwa kama uji wa karatasi, mweupe, una rangi ya buluu kidogo. Hakuna hata herufi.

Nilikaa juu ya ukingo wa beseni. Nikamweleza. Akashika kichwa.

"Ee Mungu wangu. Mimi nimefula barua ya mutu?"

"Si wewe. Mimi ndiye niliyekupa."

"Lakini weye ulinipa kwa moyo muzuri, na mimi nilifula kwa moyo muzuri."

"Ndiyo. Na karatasi imekufa kwa mioyo mizuri miwili."

Mke wake alicheka bila kutaka, akafunika mdomo. Hata mimi nilicheka, nikaona haya. Alinipa ule uji wa karatasi ndani ya kikopo cha siagi. Koti nililiacha pale pale, kwa sababu lilikuwa linavuja maji na nisingeweza kulipakia kwenye treni.

Binti wa dada yake alikuwa anapanga vitabu nilipofika. Nilimwekea kikopo mbele yake, nikamwambia yote, sikupunguza. Nilimwambia akitaka kuiarifu ajensi aiarifu. Alitazama ndani ya kikopo muda mrefu. Hakunifokea. Ingekuwa nafuu angenifokea. Alisema tu, "Nitamwambia nini?" Na hakuwa ananiuliza mimi.

Sikujua pa kujiweka. Nikaingia bafuni kumaliza usafi, kwa sababu kulikuwa bado na kiti cha plastiki, na beseni, na sponji yake. Nilifungua maji ya moto. Nilianza kukiosha kile kiti, juu kabisa, pale kichwa chake kilipokuwa kikifika, na mdomo wangu ukaanza wenyewe. Haikuwa kwa kufikiri. Mkono ukienda, maneno yanaenda. Nilikuwa nimeshuka nusu ya mgongo wa kiti nilipomwona amesimama mlangoni.

"Unasema nini?"

"Samahani. Ni wimbo wake wa watoto. Alikuwa ananisomesha tukioga."

"Huo si wimbo wa watoto. Rudia hapo uliposema ukuta."

"Sijui wapi nimesema ukuta. Mimi sijui maana."

"Basi rudia hapo ulipoachia."

"Siwezi. Lazima nianze mwanzo."

Alikimbia akarudi na daftari na kalamu, akakaa juu ya kifuniko cha choo. Nilifunga maji nikaanza, nikapotea baada ya mistari miwili. Nikafungua maji tena, nikashika sponji, nikaenda juu ya kiti, maneno yakaja. Tulifanya hivyo mara sita au saba. Kila akitaka kusikia neno upya, mimi narudi kichwani kwa kiti. Alikuwa anaandika huku machozi yanamdondoka juu ya daftari na anacheka. "Unakiosha kiti hiki mpaka kitayeyuka," alisema.

Mstari mmoja ulikuwa haupo. Pale alipokuwa akinisimamisha, akinyamaza na kiganja chake begani, akiniruhusu tena nilikuwa nikiusema kwa haraka ili maji ya moto yasipoe, na sikuushika vizuri. Nilijaribu. Haukuja, na mpaka leo haujaja. Aliacha nafasi tupu katika daftari.

Kisha akanieleza linasema nini. Mama yao alipofariki, mzee alikuwa anatafutwa. Polisi wawili walisimama kwenye lango la makaburi wakimsubiri. Dada yake alikuwa kijana, peke yake na jeneza, na kaka hakuja. Hilo ndilo hakumsamehe: kwamba aliogopa kifungo kuliko alivyompenda mama. Shairi lilisema alikuja. Alivaa koti la kijivu la kuazima, akashika fimbo kama mchuuzi wa ng'ombe anayekwenda mnadani, akasimama nje ya ukuta wa makaburi, upande wa pili, katika ukungu. Aliona jeneza likishuka. Dada yake akageuka akamwona mtu anatazama, akadhani ni kachero, akaokota donge la udongo wa kaburi akamrushia. Halikumkosa. Hakusogea, kwa sababu angesogea angemwita dada yake jina, na polisi wangesikia. Udongo ule aliuacha kwenye koti siku nyingi, hakuupangusa, kwa kuwa ndio udongo wa mama yake aliopata.

Nilizima bomba nikakaa chini. Mama yangu mimi alizikwa Pemba mwaka 2000, nami niko huku nasubiri karatasi za ukimbizi. Nililetewa habari kwa simu, nikaenda kazini. Hilo mzee alilijua. Nilimwambia siku moja, akaniuliza tu kama nyumba yetu inaonekana kutoka makaburini, nikasema inaonekana.

Binti alipiga simu kwao kabla jua halijazama. Alisema kwa Kiairishi, kisha akanipa mkono wa simu. "Sema wewe," aliniambia. "Mimi nikisoma nitalia." Waya ulikuwa mrefu, ulifika bafuni. Niliishika simu kwa bega, nikafungua maji kidogo, nikashika sponji.

Nilisema lote. Pale palipopungua nilinyamaza kama yeye alivyokuwa akinyamaza, kisha nikaendelea. Nilipomaliza nikafunga maji. Sauti ya kikongwe ikasema kwa Kiingereza, "Wewe ni nani?"

"Ni mtu aliyekuwa akimwogesha."

"Umetoka wapi?"

"Pemba, mama. Kisiwa cha Afrika."

"Sauti ni ya mgeni," alisema, "lakini matamshi ni ya kaka yangu. Hata lile kosa lake la utotoni umelisema." Akapumua. Kisha akauliza upesi, kama mtoto anayeogopa kupigwa, "Lile donge lilimpata wapi?"

Binti alikuwa amesogea anasikiliza. Alitazama nafasi tupu katika daftari, akanitazama mimi.

"Begani," nilisema. "Bega la kushoto."

"Linasema hivyo?"

"Mstari huo sinao, mama. Nimeupoteza, na karatasi pia nimeipoteza mimi. Lakini kila siku tukifika hapo alikuwa akiweka mkono bega la kushoto. Nilidhani linamuuma."

Alicheka. Sikutegemea. Kilikuwa kicheko cha nguvu, cha mtu aliyetua mzigo, kikageuka kilio, kikarudi kuwa kicheko. "Sikumwambia mtu yeyote duniani ila padri," alisema. "Nilitubu kwamba nilimpiga askari. Padri akasema si dhambi kubwa." Halafu akataka kuongea na binti yake. Walisema sana. Mimi nilimwagia sakafu maji nikaipangusa, na nikagundua kwamba nimeanza kuhisi njaa, tangu Jumatano sijaihisi.

Binti alipoweka simu alikuwa na ujumbe. "Mama hawezi kusafiri kuja kwenye maziko kesho. Anauliza koti liko wapi."

"Liko kwa Mkongo. Limefuliwa. Nitalichukua nikupe umpelekee."

"Hapana. Anasema mtu uliyempa aje nalo mazishini, amelivaa. Na asimame ndani ya ukuta."

Usingizi wa siku ile nilioupata Ilford wenzangu walinisimulia, walisema nilikoroma kama jenereta.

Mazishi yalikuwa Ijumaa asubuhi, kaskazini ya mji, kwenye makaburi yenye ukuta wa matofali. Wazee watatu wenye kofia walikuja na bendera yao, binti akawakubalia waitandaze juu ya jeneza kwa muda, kisha akaikunja akawarudishia. Padri alisema maneno machache. Mkongo alikuwa ameomba ruhusa kazini. Alikuja na koti la kijivu, limefungwa vifungo mpaka shingoni, akasimama kando ya kaburi pale pale alipoonyeshwa. Wale wazee walimtazama, wakatazama koti, mmoja wao akavua kofia.

Binti aliokota donge la udongo, likawa mkononi mwake kitambo, akamgeukia Mkongo, akalivunja taratibu juu ya bega la kushoto la koti. Kisha akatupa uliobaki kaburini. Mkongo hakusogea hata kidogo.

Tulipokuwa tunatoka langoni alininong'oneza, "Ndugu, sasa nitaifula tena?"

"Usiifue."

"Vizuri," alisema. "Sababu kwapani bado ina maji ya juzi." Akapiga chafya mara mbili, na tukaenda kusubiri basi.